Jinsi ya Kuacha Kitabu Katikati bila Kuona Haya

Sogea karibu, na haya yabaki kati yetu. Una kitabu nyumbani ambacho hukukimaliza. Pengine unavyo saba. Kimoja kina tiketi ya basi katika ukurasa wa 43, na kila ukikiona unakwepesha macho kama mtu aliyekutana sokoni na mdai wake.

Acha kuhangaika. Mtu mzima mwenye kazi, watoto, foleni ya kwenda na foleni ya kurudi hawezi kumaliza kila kitabu anachokifungua, na hakuna aliyemwamuru amalize. Shuleni tuliambiwa kitabu husomwa kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa mpangilio, kalamu mkononi. Matokeo yake watu wengi wenye akili zao wanaogopa hata kuanza. Mimi nataka uanze vingi: vya dini, vya muziki, vya biashara, riwaya, mashairi, kamusi. Ili uanze vingi, lazima ujue kudesa, yaani kuchukua kinachokufaa na kuruka kingine. Fuata maelekezo haya.

1. Nunua kwa majivuno

Achana na kitabu ambacho watu wamekwambia kitakufaa. Nunua kile unachotaka kuonekana nacho. Umependa jalada? Umependa uzito wake kwapani? Umemwona mtu unayemheshimu amekishika uwanja wa ndege? Basi, kinatosha. Anayetaka kuonekana na kitabu atakibeba, na kitabu kinachobebwa mwishowe hufunguliwa, hata kama ni kwa sababu simu imeisha chaji ukiwa benki na namba yako bado haijaitwa. Kile ulichokinunua kwa wajibu kitabaki kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Bei isikutishe. Pita kando ya barabara za Dar es Salaam au Nairobi, utakuta vitabu vya mtumba vimetandazwa chini. Nairobi maduka hayo ya chini yanaitwa inama, maana huchagui bila kuinama. Kitabu cha mtumba kina faida ambayo kipya hakina: mtu ameshakufanyia kazi. Tafuta alama za penseli. Msomaji wa kwanza alipiga mstari pale palipomgusa. Mistari huwa mingi mwanzoni, inapungua, kisha inakatika ghafla, na hapo ilipokatika ndipo alipoachia. Sasa unajua mawili bila jasho: kurasa alizoziona zina maana, na kwamba huko mbele hata yeye hakufika. Soma alizozipigia mstari ukiwa bado umechuchumaa. Zisipokuvutia, mrudishie muuzaji kitabu chake, mshukuru, uiname kwa jirani yake.

2. Ingia kwa nyuma

Kwa kitabu kisicho cha hadithi, fungua kwanza kurasa za mwisho, kwenye faharasa, ile orodha ya majina na mambo iliyopangwa kwa alfabeti. Tafuta neno lenye kurasa nyingi kuliko mengine yote. Hilo ndilo linalomkosesha mwandishi usingizi, hata kama jalada linadai jingine.

Kisha tafuta kwenu. Angalia kama wameandika Tanga, Lamu, Kigoma, Bukavu. Ukipaona, nenda moja kwa moja kwenye ukurasa huo. Mwandishi aliyekosea mtaa unaoujua wewe usimwamini kuhusu miji usiyoijua. Aliyeupatia, mpe ukurasa mwingine, na mwingine. Dakika tano zinakutosha kujua kama mtu huyu anafaa kukaa naye jioni nzima. Wanaoanza na dibaji hutumia wiki kuligundua hilo hilo.

3. Biashara: chukua moja ukimbie

Vitabu vya biashara ndivyo vyepesi kudesa kuliko vyote. Kitabu cha biashara huwa na wazo moja, mara chache mawili, na wazo lenyewe liko sura ya kwanza au ya pili. Kurasa zinazobaki ni ushahidi: huyu alifanya akafaulu, yule hakufanya akafilisika.

Chukua babu yao wote, Adam Smith. Kitabu chake kuhusu utajiri wa mataifa kilitoka mwaka 1776, na ni kinene. Wewe soma sura ya kwanza peke yake. Humo kuna kiwanda kidogo cha pini. Mtu asiyejua kazi hiyo, akiifanya peke yake, hawezi kufikisha pini 20 kwa siku. Lakini watu kumi waliogawana kazi, mmoja anavuta waya, wa pili anaunyoosha, wa tatu anaukata, wa nne anachonga ncha, walitoa pini zaidi ya 48,000 kwa siku moja. Funga kitabu. Nenda kasimame kwa mama muuza chapati mwenye wasaidizi wawili, uangalie nani anakanda, nani anasukuma, nani yuko kwenye chuma, na nini kinatokea mmoja akienda kuchota maji. Utarudi nyumbani unaijua sura ile kuliko profesa aliyeifundisha miaka kumi.

Halafu kuna The Richest Man in Babylon cha George Clason. Hadithi zake zilianza kutoka mwaka 1926 kama vijitabu vidogo, na benki na kampuni za bima zikawa zinavigawa kwa wateja. Kwa hiyo kila hadithi inasimama peke yake, nawe una ruhusa ya mwandishi mwenyewe kuchukua moja ukaacha nyingine. Chukua ile ya Arkad. Kabla hujamlipa mtu yeyote, tenga sehemu moja ya kumi ya ulichopata iwe yako. Wazo limeisha. Litekeleze kwenye mshahara huu, na usikiguse tena kitabu hicho mpaka mshahara ujao.

Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki, cha mwaka 1997, hakikosekani kwa muuzaji yeyote wa kando ya barabara. Soma michoro tu. Mishale inaonyesha pesa zinaingilia wapi na zinatokea wapi, na ukishaielewa miwili umeielewa yote. Anadai nyumba unayoishi si mali, kwa sababu inakutoa pesa mfukoni kila mwezi. Kwa mtu aliyejenga kwa tofali moja moja miaka kumi na mbili, maneno hayo yanauma. Bishana naye pembeni mwa ukurasa, kwa kalamu ya wino. Kitabu kinachokukasirisha utakikumbuka.

Na Reginald Mengi, I Can, I Must, I Will, cha mwaka 2018, mwaka mmoja kabla hajafariki. Usianzie utotoni Kilimanjaro. Tafuta pale ambapo mhasibu mwenye kazi nzuri tayari anaanza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake. Anzia hapo. Ukishajiuliza mtu wa namna hiyo alipata wapi moyo huo, ndipo urudi kwenye utoto, na sasa utausoma kwa hamu. Fanya hivyo kwa kila tawasifu: ingia pale maisha yanapopinda, kisha rudi nyuma kutafuta sababu.

Sharti ni moja na silegezi kamba. Usifungue kitabu cha pili cha biashara kabla hujafanya jambo moja kutoka cha kwanza. Nimeona watu wenye rafu nzima za utajiri ambao hawajawahi kuandika mapato ya wiki kwenye daftari. Hao hawadesi. Hao wanasoma kila kitu na wanabaki pale pale.

4. Dini: hapa shusha sauti

Msahafu na Biblia havideswi. Lakini angalia jinsi waliovitunza kabla yetu walivyojua kwamba binadamu huchoka, wakatuandalia vituo. Qurani imegawanywa juzuu 30, ili anayesoma juzuu moja kwa siku ahitimishe ndani ya mwezi. Mithali ina sura 31, na Wakristo wengi huisoma kwa kalenda: leo tarehe 14, basi sura ya 14. Umekosa siku tatu? Usirudi nyuma kulipa. Soma ya leo. Na usiku ule uliorudi hoi, macho yanafumba yenyewe, kuna Zaburi ya 117: mistari miwili, imekwisha. Ya 119 ina mistari 176, iwekee siku ya mapumziko.

Vitabu vinavyoandikwa kuhusu dini ni habari nyingine. Hivyo desa bila hofu.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika Ihya Ulum al-Din. Ndani yake kuna vitabu 40, vimepangwa katika robo nne, kila robo kumi. Kijana mwenye ari huanza cha kwanza, akafika cha tatu, akanyamaza. Wewe anza na cha 11, cha adabu za kula. Unakula kila siku, kwa hiyo utajipima jioni hiyo hiyo: nani alinawa kwanza, nani alikimbilia nyama, nani alisifu chakula na nani alikilalamikia. Ukimaliza ruka hadi cha 21, maajabu ya moyo, kinachofungua robo ya tatu. Katikati utarudi siku yako. Tena kumbuka kwamba Ghazali mwenyewe baadaye alitunga kwa Kiajemi kitabu kifupi zaidi, Kimiya ya Furaha, chenye mengi ya yale aliyoyaeleza kwa urefu katika Ihya. Ikiwa mwenye kazi alikubali kufupisha, wewe unamwogopa nani?

Augustino, mwana wa Thagaste katika Algeria ya leo, aliandika Maungamo katika vitabu 13. Tisa vya kwanza ni maisha yake. Katika cha pili anaiba mapea usiku na wenzake. Hawana njaa, wanaona raha ya kuiba tu, na matunda yenyewe wanawatupia nguruwe. Katika cha tisa mama yake, Monika, anafariki Ostia. Vinavyofuata ni kumbukumbu, wakati, na ufafanuzi wa Mwanzo. Simama baada ya cha tisa, na umsimulie mtu kisa cha mapea. Mimi nakipenda kuliko vyote: askofu mzima, anayeheshimiwa na kanisa lake, bado anasumbuliwa na matunda aliyoiba akiwa kijana wa miaka 16. Siku ukijikuta unajiuliza wakati ni kitu gani hasa, nenda kitabu cha 11. Kitakungoja.

Na kama unapenda utenzi, tafuta Enjili nne na Matendo ya Mitume alizozitunga Mwalimu Nyerere kwa beti, zikachapishwa Ndanda mwaka 1996. Mbinu ni hii: fungua kisa unachokijua tayari, mwana mpotevu au Msamaria mwema. Kwa kuwa unajua kitakachotokea, akili inabaki huru kusikiliza vina. Soma kwa sauti. Kaya yako itadhani umepata wito.

5. Muziki: usisome kimya

Kitabu cha muziki kikisomwa kimya kinachosha, na watu wanamlaumu mwandishi bure. Weka simu pembeni, soma ukurasa, tafuta wimbo uliotajwa, usikilize hadi mwisho, rudi. Ukifanya hivyo kurasa sita zitakula jioni nzima, na hakuna atakayesema ulikuwa mvivu.

Anza na Rumba on the River cha Gary Stewart, cha mwaka 2000, kuhusu bendi za Kinshasa na Brazzaville. Kina wanamuziki wengi mno. Mpiga gitaa anatoka bendi hii, anajiunga na ile, anagombana, anaanzisha yake, anarudi. Ukijaribu kuwakumbuka wote utakata tamaa kabla hujafika miaka ya sitini. Basi nenda kwenye faharasa, mchague mmoja. Mchague Franco. Mfuate kutoka ukurasa hadi ukurasa, tangu OK Jazz inapoanza mwaka 1956 hadi kifo chake mwaka 1989, na wengine wote waruke bila huruma. Ukimaliza, rudi kwenye faharasa umchukue Tabu Ley. Kisha Grand Kallé, ambaye bendi yake ilikuwa Brussels mwaka 1960 wakati viongozi wa Kongo wakijadili uhuru na Wabelgiji, na huko ndiko ulikozaliwa wimbo Indépendance Cha Cha. Usikilize kabla ya kusoma, halafu uusikilize tena baada ya kusoma. Wazazi wetu kuanzia Ujiji hadi Mombasa walicheza nyimbo hizo bila kujua Kilingala. Wewe unaweza kucheza na ukajua wanachokisema.

Kuna kitabu kimoja hapa ambacho nakukataza kukidesa: Wasifu wa Siti binti Saad, kazi ya Shaaban Robert. Ni kidogo, kinamalizika. Mtoto wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa katika ufukara, hakujua kusoma wala kuandika, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay na wenzake kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye santuri. Alifariki mwaka 1950. Na bingwa wa Kiswahili, mtu ambaye angeweza kumwandikia wasifu mtawala yeyote, akaona mwimbaji huyu ndiye anayestahili. Uamuzi huo peke yake ni somo zima la fasihi, na umri wake sasa unazidi nusu karne. Soma kila neno, huku sauti yake ikikwaruza kutoka kwenye rekodi za zamani. Zinapatikana mtandaoni.

Ukitaka cha kitaaluma, chukua Performing the Nation cha Kelly Askew, cha mwaka 2002; sehemu kubwa ya utafiti wake mwandishi aliifanya Tanga. Nadharia ruka. Nenda kwenye taarabu, pale anapoeleza kutunza: mwanamke anainuka, anacheza polepole hadi mbele, anampa mwimbaji noti katika mshororo fulani na si mwingine, na aliyekusudiwa ukumbini anajua. Ni utamu kumwona msomi akieleza kwa makini jambo ambalo shangazi yako amelifanya kwenye kila harusi tangu ulipopata akili.

6. Riwaya: tahadhari

Riwaya haina faharasa, kwa hiyo mbinu zinabadilika. Mkutubi mmoja wa Seattle, Nancy Pearl, alitunga kanuni nzuri. Mpe mwandishi kurasa 50. Asipokushika, achana naye. Ukivuka umri wa miaka 50, toa umri wako katika 100, na jibu ndilo idadi ya kurasa unazodaiwa. Mwenye miaka 70 anadaiwa kurasa 30. Mwenye miaka 90, kumi tu. Naipenda kanuni hii kwa sababu inawapa wazee heshima yao.

Kusoma mwisho kwanza? Kwenye hadithi za upelelezi, marufuku. Kwingine soma, kama ndiyo itakayokutuliza. Kuna watu hawawezi kufurahia safari mpaka wajue mtoto atarudi salama, na sioni kosa lao.

Ukikishika Vita na Amani cha Tolstoy, jua kwamba tamati yake ina sehemu mbili. Ya kwanza inakuonyesha Natasha na Pierre wakiwa mke na mume. Ya pili ni hoja ndefu kuhusu historia na utashi wa binadamu, na hawamo. Ishia ya kwanza. Umemaliza, na mwenye kubisha aje kwangu.

Kama Kiingereza cha Paradise cha Abdulrazak Gurnah kilikushinda, usijilazimishe. Riwaya hiyo ya mwaka 1994 ipo kwa Kiswahili, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobel. Yusuf na wale wa msafara wa kwenda bara walikuwa wakisemezana Kiswahili tangu mwanzo, na masikio yako yatawatambua mara moja.

Jihadhari na wembamba. Wanaoanza kudesa huchagua kitabu chembamba wakidhani ni chepesi, wakaangukia Nagona cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1990. Utakimaliza jioni moja na utaamka asubuhi hujui ulikuwa wapi. Kizuri sana, ila kina siku yake. Mwembamba wa kuanza naye ni Kusadikika cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951: Karama yuko kizimbani, anajitetea kwa kusimulia visa vya wajumbe waliotumwa nchi za mbali na walivyopokelewa waliporudi. Kila mjumbe ana kisa chake. Soma mjumbe mmoja kwa usiku, kisha ujiulize kama nchi hiyo ya Kusadikika haina ubalozi mahali unapoishi.

7. Mashairi

Ubeti mmoja kwa siku, kwa sauti, kabla ya simu. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama mgonjwa kwa ajili ya binti yake, una beti kama mia moja, unakupeleka zaidi ya miezi mitatu. Mengi anayomwagiza binti kuhusu mume yatakufanya ugune. Guna. Lakini msikilize mama anayejua kwamba muda wake umebaki mfupi.

8. Kamusi

Kamusi ni kitabu pekee ambacho hakuna anayeulizwa kama amekimaliza. Jizoeze kutembea na vitabu vingine kwa uhuru huo huo. Samuel Johnson, aliyetunga kamusi maarufu ya Kiingereza ya mwaka 1755, aliwahi kuulizwa kama amekisoma kitabu fulani hadi mwisho, na akamgeuzia muulizaji swali kwa mshangao, kana kwamba haijawahi kumpitia akilini kuwa watu hufanya hivyo. Naye alikuwa miongoni mwa watu waliosoma sana kuliko wote London.

9. Mbele za watu

Sasa umekaa barazani au kwenye harusi, mazungumzo yamefika kwenye vitabu, na roho inataka kung'ara. Ni haki yake. Usiseme umesoma ambacho hukusoma. Si kwa sababu ya dhambi peke yake, ni kwa sababu siku hiyo lazima atakuwepo mwalimu mstaafu aliyekisoma mara nne. Fanya hivi.

Miliki ukurasa mmoja. Mmoja, lakini uwe wako: umeusoma mpaka unaweza kuusimulia bila kuutazama. Anayejua ukurasa mmoja wa Ghazali kwa undani atasikilizwa kuliko aliyepitia vyote arobaini na kubaki na ukungu. Kisha jifunze kukiri kwa uzuri:

"Kijana, hicho kitabu umekimaliza?"

"Bado, mzee wangu. Nimeganda pale anapoiba mapea. Wewe ulipaelewaje?"

Angalia kinachotokea. Mzee anajiweka sawa, anavuta kahawa yake, anaanza. Kwa nusu saa utapewa kitabu kizima bure, pamoja na maoni, na utaondoka ukiwa na sifa ya kijana msikivu. Wanawake wa rika la mama yako waulize hivyo hivyo kuhusu tenzi: "Mama, ubeti huu wa Mwana Kupona wewe unaukubali?" Kaa tayari kusikia mambo ambayo hayamo kitabuni.

Ukiona mtu anaanza kukimwaga chini kitabu ulichokiacha, usimuunge mkono ili uonekane. Sema tu hukufika mbali. Kuacha ni haki yako; kukichafulia jina kitabu usichokijua si haki yako.

Na ukiacha kabisa, kitoe. Mpe mtu ambaye kinamfaa, pamoja na tiketi yako ya basi, ajue ulifika wapi. Cha maktaba ndicho bora kuliko vyote, maana kina tarehe ya kurudishwa, na tarehe hiyo inakuachisha kwa heshima.

10. Desa nisilolikubali

Limebaki moja, na hapa sitanii. Umepita kidato cha nne. Ulifanyiwa mtihani wa Watoto wa Mama N'tilie, au Takadini, au Joka la Mdimu. Kama ni Kenya, pengine Utengano au Kidagaa Kimemwozea. Na wengi wetu hatukuzisoma riwaya hizo. Tulinunua mwongozo wa uhakiki: dhamira tano, wahusika na sifa zao, mbinu za kisanaa, falsafa ya mwandishi, maswali na majibu. Tukakariri kwamba Sekai wa Takadini ni mama mwenye upendo na ujasiri. Hatukukimbia naye usiku mtoto wake albino mgongoni, kijiji kikitaka auawe.

Hilo ndilo desa baya, kwa sababu linakuachia majibu na linakunyima hadithi. Mbinu zote nilizokupa zinakuingiza ndani ya kitabu kwa dirisha. Mwongozo wa mtihani unakuacha nje, umeshika picha ya nyumba. Nawaonea uchungu wanafunzi wanaomaliza shule wakiamini kwamba riwaya ni orodha ya dhamira, na nawaonea uchungu zaidi waandishi, ambao vitabu vyao vilinunuliwa na shule nyingi hivyo vikasomwa na wachache hivyo.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya Ghazali, kabla ya Franco, kabla ya pini za Adam Smith, tafuta kile kitabu ulichofanyiwa mtihani. Huenda mtaani kwako kuna mtu bado anacho. Mwazime kwa siku mbili, umnunulie soda. Fungua popote. Kama ni Watoto wa Mama N'tilie, Zita na Peter wamo humo, na Mzee Lomolomo amelewa kama kawaida, na hakuna anayekuagiza ufafanue dhamira tatu kwa mifano. Soma mpaka uchoke.